Pumu si baridi iliyoingia kifuani

Ikifika Juni, kuanzia Makete hadi Tukuyu, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kila anayebanwa na kifua huambiwa baridi imemwingia. Anaongezewa sweta, anapewa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, na usiku kifua kinalia filimbi vilevile.

Pumu ni uvimbe wa muda mrefu ndani ya njia za hewa, unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe. Uvimbe huo ndio unaoeleweka vibaya, maana wengi hufikiria kidonda chenye usaha. Kwa wagonjwa wengi, hasa walioanza utotoni, kinga imelichukulia vumbi la godoro, chavua au paka kuwa adui, ikatengeneza kingamwili ziitwazo IgE. Hizo hujishikiza kwenye seli za kinga ziitwazo masti. Vumbi likirudi, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache tu: misuli ya njia ya hewa inajikaza, ute unaongezeka. Saa kadhaa baadaye hufika eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, na ukuta wa njia unavimba zaidi. Eosinofili zikijaa kwenye makohozi huweza kuyafanya ya njano hata pasipo bakteria. Njano hiyo ndiyo inayowamezesha watu antibayotiki bure. Kichomi kina dawa yake, lakini kwanza kithibitishwe.

Baridi ni mchokozi tu: hewa baridi na kavu hubana njia iliyokwisha kuvimba. Tena msimu huohuo tunapukuchua mahindi, tunafunga madirisha na kuota moto wa kuni ndani. Moshi na vumbi hilo halilaumiwi na mtu.

Kosa hili linafika hadi kwenye dawa. Salbutamoli, ile inhela ya bluu, hulegeza misuli ndani ya dakika 5 hivi, na baada ya saa 4 hadi 6 imekwisha nguvu. Uvimbe inauacha palepale. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA haupendekezi mtu mzima atibiwe pumu kwa salbutamoli peke yake. Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, kila siku hata kifua kikiwa shwari. Ukishavuta, sukutua na uteme, fangasi wasiote mdomoni. Nafuu huja taratibu, kwa siku na wiki, na wengi huiacha dawa hiyo mapema wakidhani haifanyi kazi.

Basi ukiona inhela ya bluu inaisha kila mwezi, usiseme baridi ya mwaka huu ni kali. Mwambie daktari uvimbe bado haujatibiwa, na umuulize kuhusu steroidi ya kuvuta.