Kukosa pumzi: kwa nini nauliza kwanza unalalia mito mingapi

Wengi wanaokuja kwangu wakilalamika kukosa pumzi huja na jibu mkononi: "Daktari, mapafu yangu yana shida." Mara nyingi wanapatia. Lakini nimekaa kwenye kazi hii ya magonjwa ya kifua vya kutosha kujua kwamba mapafu husingiziwa mengi. Moyo ukichoka, wanaolaumiwa ni mapafu. Damu ikipungua, sukari ikipanda, hofu ikimshika mtu, lawama huishia hukohuko. Ndiyo maana kabla sijagusa stethoskopu wala kuagiza eksirei huuliza mambo mawili ambayo wagonjwa huyaona kama porojo: ilianza lini na kwa kasi gani, na ukikaa vipi unapata nafuu?

Tuanze na kinachomfanya mtu ahisi pumzi haimtoshi. Wengi hudhani ni oksijeni kupungua, basi. Mambo yamefungamana zaidi ya hapo. Upumuaji huongozwa na shina la ubongo, na kinacholisukuma zaidi ni kiasi cha hewa ya ukaa na asidi kilichomo kwenye damu. Ukibana pumzi sasa hivi, kitakachokulazimisha kuachia ni hewa ya ukaa inayojilimbikiza. Oksijeni bado itakuwepo ya kukutosha kwa muda. Oksijeni nayo ina walinzi wake, vinyama vidogo vilivyo shingoni, pale inapogawanyika mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kazi yake kuhusu walinzi hao. Wao huamka hasa oksijeni inaposhuka kwelikweli. Juu ya hayo, ubongo hupokea taarifa kutoka kwenye misuli ya kifua, kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) na kuta za njia za hewa, kisha unalinganisha nguvu ulizoagiza na hewa iliyoingia. Visipolingana, mtu husema kile ninachokisikia kila wiki: "Napumua, lakini hainitoshi."

Kwa hiyo mtu anaweza kuteseka vibaya na oksijeni yake iko sawasawa. Na kinyume chake pia: wakati wa UVIKO-19 tuliwaona wagonjwa wanaoongea na simu bila wasiwasi huku kipimo kikionyesha oksijeni imeshuka kwa kiwango cha kutisha.

Sasa nirudi kwenye maswali yangu. La muda kwanza. Pumzi inayokatika ndani ya dakika chache ina orodha fupi na ya hatari: kupaliwa na kitu, mzio mkali, hewa kuvuja kutoka kwenye pafu na kulifanya lisinyae, shambulio la moyo, au bonge la damu iliyoganda kusafiri hadi mapafuni. Hili la mwisho linanisumbua kuliko yote, kwa sababu unaweza kukisikiliza kifua ukakikuta kisafi kabisa. Bonge mara nyingi hutokea kwenye mshipa wa mguu, kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, aliyejifungua karibuni, aliyelazwa muda mrefu au mwenye saratani. Nikisikia "ghafla" na nikaona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, sisubiri mpaka nipate uhakika ndipo nianze kuchukua hatua.

Inayokuja kwa saa kadhaa au siku mbili tatu huwa ni pumu iliyochokozwa na mafua au vumbi, au nimonia, yenye homa na makohozi. Hapa sitakaa sana. Inayonyemelea kwa wiki na miezi ndiyo inayopotosha, maana mgonjwa mwenyewe hujirekebisha bila kujua. Anaacha kupanda ngazi, anatembea polepole, anamwachia mwingine abebe mizigo, halafu anakuambia hana tatizo kubwa. Hapo siulizi "unakosa pumzi?" Nauliza, "Ni jambo gani ulikuwa ukilifanya mwaka jana na sasa hulifanyi?" Ndipo yanapotoka maelezo yanayonipeleka kwenye moyo ulioanza kushindwa, maji yaliyojaa nje ya pafu kwa sababu ya kifua kikuu au saratani, au mapafu yaliyoharibiwa na miaka mingi ya sigara au moshi wa kuni.

Swali la pili ni la mto. "Mama, unalalia mito mingapi?" Wengine hucheka. Mtu akilala chali, damu iliyokuwa miguuni na tumboni hurudi kifuani. Moyo mzima huipokea na kuisukuma mbele. Moyo dhaifu hulemewa, shinikizo hurudi nyuma kwenye mishipa ya mapafu, na majimaji huanza kuvujia kwenye vifuko vya hewa. Mgonjwa hubanwa, huongeza mto mmoja, kisha wa pili, na mwishowe analala amekaa kwenye kiti. Wapo wanaoshtuka usingizini saa moja au mbili baada ya kulala, wakakimbilia dirishani kutafuta hewa, wakatulia baada ya kukaa wima kwa muda. Mwenye pumu naye huamshwa usiku, ila yeye zaidi ni karibu na alfajiri, akiwa na kikohozi na mlio kama wa filimbi anapotoa pumzi, na kukaa tu hakumsaidii sana. Kinachomfungua ni pampu yake. Kuna na dalili nyingine ya moyo ambayo wagonjwa hawaitaji mpaka uwaulize: kukatika pumzi ndani ya nusu dakika unapoinama kufunga kamba za viatu. Madaktari wa Marekani waliieleza rasmi mwaka 2014, ingawa sidhani kama wagonjwa walisubiri hadi mwaka huo ili wainame.

Baada ya maswali naangalia. Namshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba nahesabu mapigo, huku macho yangu yako kifuani nahesabu pumzi kwa dakika nzima. Nafanya hivyo kwa siri kwa sababu mtu akijua anahesabiwa, upumuaji wake hubadilika palepale. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Nasikiliza anavyoongea: anamaliza sentensi, au anatoa maneno mawili na kusimama avute hewa? Kisha nabonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa. Nikiachia na shimo likabaki, miguu yote miwili, naurudia moyo (figo na ini pia zinaweza kuleta uvimbe huo, kwa hiyo sikimbilii kuhukumu).

Kwa watoto, kuhesabu ni muhimu hata zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 5. Mhesabu akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, acha kuhesabu, mpeleke hospitali.

Nizungumzie na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, maana siku hizi kiko mikononi mwa wengi na kinaaminiwa kupita kiasi. Kinapima ni asilimia ngapi ya himoglobini, kile kibeba oksijeni kilichomo kwenye chembe nyekundu za damu, iliyobeba oksijeni. Hakipimi una himoglobini kiasi gani. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 98 akiwa anatweta kwa kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni: kila chembe nyekundu aliyonayo imejaa oksijeni, ila chembe zenyewe ni chache. Rangi ya kucha na vidole vya baridi hukivuruga. Aliyevuta moshi wa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa husomeka vizuri ilhali damu yake imetekwa na hewa ya monoksidi ya kaboni, kwa sababu kifaa hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kinaweza kutoa namba iliyo juu kuliko hali halisi. Mimi hukitumia kila siku. Namba ya chini huniogopesha mara moja. Namba nzuri kwa mtu anayeonekana mgonjwa hainitulizi.

Kuna upumuaji mmoja ambao ukishauona huusahau. Kijana analetwa anahema kwa nguvu, pumzi ndefu, za haraka, zisizopumzika, na waliomleta wanasema ni pumu. Unasikiliza kifua: hewa inaingia na kutoka safi, hakuna mlio wowote. Midomo imekauka, amekuwa akinywa maji na kukojoa kwa siku kadhaa, na pumzi yake ina harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva mno. Hapo kidole kinatobolewa kupima sukari. Mwili uliokosa insulini umechoma mafuta mpaka damu ikajaa asidi, na mapafu, yaliyo mazima kabisa, yanatapika hewa ya ukaa ili kuipunguza asidi hiyo. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliueleza upumuaji huo mwaka 1874 na bado tunauita kwa jina lake. Pampu ya pumu haimsaidii kitu. Anahitaji maji ya mshipa na insulini, haraka.

Hofu je? Ipo, na mateso yake ni ya kweli. Mtu hupumua kupita mahitaji, hewa ya ukaa inashuka, ganzi inaanza kuzunguka mdomo na ncha za vidole, na hilo linamtia hofu zaidi. Lakini mimi huifikia hofu mwisho, baada ya kuyaondoa mengine, na sipendi kusikia mwanamke kijana ameambiwa "ni mawazo tu" kabla hajapimwa hata damu. Ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi uacheni. Kama kumbe ni pumu, moyo au bonge la damu, mfuko unamnyima mgonjwa oksijeni anayoihitaji.

Yafuatayo hayasubiri kliniki: kushindwa kumaliza sentensi, midomo au ulimi kuwa wa bluu au kijivu, kuchanganyikiwa au kusinzia, maumivu ya kifua, kukohoa damu, makohozi ya povu lenye rangi ya waridi, sauti ya kukwaruza koo wakati wa kuvuta hewa, kuvimba uso au ulimi. Kwa mwenye pumu, mlio wa kifua ukinyamaza huku bado anahangaika, msishukuru. Hewa imekuwa kidogo mno hata kutoa mlio.

Mkiwa njiani au mnasubiri msaada, mwacheni akae wima, ameegemea mbele ikimfaa. Msimlaze kwa nguvu eti apumzike. Legezeni nguo, atumie pampu yake kama anayo, na msimlazimishe kula wala kunywa.

Na njooni na dawa zake zote, hata zile mnazoona hazihusiani na kifua. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za moyo, kama propranololi, hubana njia za hewa za mwenye pumu. Aspirini na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni huwachokoza baadhi yao vibaya. Kinachosahaulika zaidi ni matone ya macho: timololi, ambayo hutolewa kwa wenye presha ya macho, huingia kwenye damu kupitia jicho na pua na inaweza kuamsha pumu iliyolala kwa miaka.