Nani afungue injini ya gari lako: dhana potofu na ukweli

Gari linapochemsha mara kwa mara, likatoa moshi mweupe usiokoma au likaishiwa nguvu kila linapopanda mlima, mwenye gari huambiwa neno zito: injini ifunguliwe. Uamuzi mgumu hapo si wa kununua gasketi au ringi, bali ni wa kumchagua atakayekabidhiwa kazi yenyewe, na dhana zilizozoeleka mitaani kwetu huwapotosha watu katika uamuzi huo hata kabla spana haijashikwa.

Dhana inayoniumiza kuliko zote ni ile isemayo kwamba fundi bingwa hulitambua tatizo kwa kusikiliza mlio tu, na kwamba anayetoa vifaa vya kupimia hajiamini. Sikio la fundi mzoefu lina thamani kubwa, nalo humwonyesha pa kuanzia, lakini halitoshi kuhalalisha kushusha silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye vali. Kabla ya hapo kuna kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda, ambacho kwa injini nyingi ndogo za petroli hakihitaji kung'oa mengi zaidi ya koili na plagi: geji hufungwa mahali pa plagi, injini hupigwa stata, na kila silinda hutoa namba yake. Namba hizo hulinganishwa na kiwango cha mtengenezaji, kisha zenyewe kwa zenyewe, kwa maana silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake kuna jambo. Fundi akidondosha oili kidogo katika silinda hiyo dhaifu na kupima tena, namba ikapanda sana, shaka huelekea kwenye ringi za pistoni. Isipopanda, huelekea kwenye vali au gasketi ya hedi. Mwombe fundi aziandike namba hizo mbele yako. Asiyetaka kupima, au anayeona ombi hilo ni dharau, usimwachie injini hata kama amekutengenezea breki vizuri kwa miaka mingi. Nasema hivi nikiwa nimewahi kushuhudia hedi ikishushwa kwenye gari ambalo ugonjwa wake ulikuwa koili moja ya plagi iliyokufa.

Inayokaribiana na hiyo ni imani kwamba katika nchi zetu zenye joto themostati, vali inayoongoza mtiririko wa maji ya kupoza injini, haina kazi, hivyo kuitoa ni tiba ya gari linalochemsha. Injini imeundwa kufanya kazi katika joto maalumu, na themostati, ambayo katika magari mengi huanza kufunguka maji yanapozidi nyuzi 80 hivi, ndiyo inayoifikisha hapo na kuiweka hapo. Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto na hula mafuta zaidi, ilhali rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au pampu ya maji iliyochoka inabaki palepale ikisubiri siku ya foleni ndefu. Themostati iliyokwama hubadilishwa kwa nyingine nzima. Fundi anayeitoa na kusema kazi imekwisha amekwisha kukuonyesha jinsi atakavyoishughulikia injini nzima.

Kuna wanaoamini kwamba gereji yenye geti, sare na risiti ni salama na fundi wa chini ya mwembe anabahatisha, na kuna wanaoamini kinyume chake, kwamba gereji kubwa ni wezi na uaminifu uko mtaani. Pande zote mbili zinatazama jengo badala ya kutazama mikono. Mara nyingi kazi ya kusawazisha hedi au kuchonga krenkishafti hupelekwa nje, kwenye karakana ya mashine, hata kama gari liko kwenye gereji ya kifahari. La kuuliza ni nani hasa atakayefungua na kufunga, amekwisha kufunga injini ngapi za aina hiyo, na kama ana toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, anayoitumia kweli. Katika injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota IST za sentimita za ujazo 1,500, boliti za hedi hukazwa kwanza kwa kipimo cha toki, kisha huzungushwa nyuzi 90 mara mbili. Anayezikaza kwa nguvu ya mkono tu anakuandalia safari nyingine ya gereji. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ni ishara njema, ila kukikosa si hukumu, kwa kuwa VETA yenyewe huwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunzia kazini.

Wengine hushauriwa kwamba kutengeneza ni kupoteza muda, kwamba ni heri kununua injini ya mtumba kutoka Japani. Wakati mwingine ushauri huo ni sahihi, hasa bloku ikiwa imepasuka. Hata hivyo injini hiyo nayo ina historia usiyoijua, nayo inastahili kipimo kilekile cha kompresheni. Kama ya kwanza ilikufa kwa sababu ya rejeta mbovu, ya pili itafungwa mbele ya rejeta ileile, isipokuwa fundi ameishughulikia kwanza. Aidha namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo badiliko hilo lifikishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na fundi anayekwambia ulifiche anakuachia tatizo la siku ya kuuza gari.

Kujinunulia spea mwenyewe Kariakoo hupunguza udanganyifu wa bei, ila hakukulindi dhidi ya spea bandia.

Kukaa gereji kutwa ukimlinda fundi hakusaidii kama wengi wanavyodhani. Fika hedi inaposhushwa, fika inapowekewa rula ya chuma na fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia upenyo, kupima kama imepinda, na ufike kabla haijafungwa. Bei kamili iliyotajwa kabla injini haijafunguliwa ni makisio tu, kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi bei ya kufungua na kukagua peke yake, kiwango ambacho hakitapitwa bila wewe kupigiwa simu, spea kuukuu zote kurudishwa mikononi mwako, na nani atalipia kazi ya kufungua tena gari likichemsha ndani ya miezi mliyoiandika.