Parkinson: dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa imefikia wapi?

Swali tunaloulizwa mno kliniki, hasa na watoto wa wagonjwa, ni hili: "Daktari, baba anatumia levodopa na mkono umetulia. Ugonjwa umesimama?" Haujasimama. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hugeuka ubongoni kuwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na kufidia ile iliyokuwa ikitengenezwa na seli zilizokufa. Zilizobaki zinaendelea kufa. Watafiti wanasaka dawa ya kuziokoa hizo, na mpaka sasa hakuna iliyothibitishwa.

Si kwamba hawajajaribu. Koenzaimu Q10, kreatini, isradipini ya shinikizo la damu: zote zilipimwa kwa mamia ya wagonjwa, kreatini kwa watu 1,741, na zote zikagonga mwamba. Mfano unaofundisha zaidi ni eksenatidi, sindano ya kisukari iliyotokana na kemikali ya mate ya mjusi wa jangwa la Marekani. Mwaka 2017 watafiti wa University College London walitangaza kwamba wagonjwa waliochomwa kila wiki kwa wiki 48 walifanya vizuri kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa. Walikuwa 62 tu. Ukafuata utafiti wa watu 194 kwa wiki 96, na majibu ya mwaka 2025 hayakuonyesha tofauti yoyote. Nduguye, liksisenatidi, ilileta matumaini Ufaransa mwaka 2024 kwa wagonjwa 156, ingawa karibu nusu ya walioitumia walipata kichefuchefu. Mimi siishangilii bado.

Ukitaka kujua kwa nini majibu hugeuka, tazama kipimo chenyewe. Mgonjwa huja asubuhi bila kumeza dawa tangu jana usiku. Anaambiwa agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi, kisha ainuke kitini huku amekunja mikono kifuani. Daktari anatazama na kutoa alama, 0 hadi 4 kwa kila zoezi, jumla 132. Tofauti ya London ilikuwa pointi 3.5. Alama za mgonjwa yuleyule zinaweza kuyumba kiasi hicho toka siku hadi siku. Tena matumaini yenyewe huongeza dopamini ubongoni, hata kwa aliyechomwa sindano isiyo na dawa.

Inayonitia wasiwasi zaidi ni ambroksoli, kwa sababu ni dawa ya kikohozi ambayo mtu anaweza kuikuta duka la dawa la mtaani kwake. Huko Uingereza dawa hiyo inaingizwa kwenye utafiti mkubwa wa Parkinson wa watu 330. Lakini dozi ya jaribio la awali ilikuwa miligramu 1,260 kwa siku, sawa na vidonge 42 vya miligramu 30, na wagonjwa walifuatiliwa kwa karibu. Usimfanyie mzee jaribio hilo nyumbani. (Upupu nao kweli una levodopa ndani ya mbegu zake, ila kiasi hubadilika toka mbegu hadi mbegu, na hauokoi seli.)

Kosa jingine ni kuahirisha levodopa "isije ikachoka mapema". Utafiti uliochapishwa 2014 ulilinganisha wagonjwa wa Ghana, walioanza dawa wastani wa miaka 4.2 baada ya dalili, na wa Italia walioanza baada ya 2.4. Mwili kucheza-cheza wenyewe na dawa kuisha nguvu kabla ya dozi inayofuata viliwapata wote baada ya kuugua muda unaokaribiana. Waghana waliongezewa tu miaka ya kukaa bila nafuu.