Je, wajua? Kwa nini plagi hutoa cheche nje, lakini injini ya baiskeli haiwaki?

Baiskeli iliyofungwa injini ndogo ikigoma kuwaka, kipimo cha kwanza huwa kilekile. Plagi inachomolewa, inarudishwa kwenye kofia ya waya wake, inagusishwa kwenye bodi ya injini, kisha injini inazungushwa. Cheche ikionekana, hukumu hutoka papo hapo: umeme upo, tatizo ni petroli. Kabureta inafunguliwa, inasafishwa, inarudishwa, na injini bado haishiki.

Kasoro iko kwenye hukumu hiyo. Kipimo kimethibitisha jambo moja tu, kwamba cheche inaweza kuruka katika hewa ya kawaida. Ndani ya silinda, plagi hutakiwa kufanya kazi pistoni ikiwa karibu kufika juu, wakati mchanganyiko wa hewa na petroli umeshabanwa mara kadhaa. Umeme uliotosha nje huenda usitoshe humo.

Gesi kwa kawaida haipitishi umeme. Ili cheche iruke, elektroni chache zilizo huru kati ya ncha mbili za plagi lazima zivutwe, zishike kasi, na kugonga molekuli kwa nguvu ya kung'oa elektroni nyingine. Hizo nazo hung'oa nyingine, mpaka njia inafunguka. Sharti ni kasi. Mfikirie mtu anayekimbia kwenye uwanja wenye watu wachache: anapata hatua za kutosha kabla ya kumgonga yeyote, na akimgonga anamwangusha. Uwanja huohuo ukifurika watu, anagongana na mtu kila hatua, na kasi inakufa kabla haijakua. Ili amwangushe mtu humo, lazima asukumwe kwa nguvu kubwa zaidi tangu hatua ya kwanza. Msukumo huo ndio volti.

Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti inayohitajika hutegemea shinikizo la gesi likizidishwa kwa umbali kati ya ncha. Hapa ndipo penye utamu: kwa cheche, kubana gesi na kutanua nafasi ni karibu jambo moja. Hewa ya kawaida huhitaji takribani volti 3,000 kwa kila milimita. Plagi yenye nafasi ya milimita 0.6 inaweza kurusha cheche nje hata kwa umeme hafifu, ilhali ndani ya silinda itadai volti mara kadhaa zaidi. Hesabu hii ni ya makadirio, maana gesi iliyobanwa pia hupata joto, na umbo la ncha nalo lina athari.

Kwa hiyo kipimo cha maana ni kile chenye nafasi pana. Kipima cheche cha kurekebishwa, kikiwekwa milimita 5 hivi, hukaribia ugumu wa ndani ya silinda. Cheche ikiruka hapo bila kusitasita, sasa una sababu ya kuifungua kabureta. Rangi ya cheche isikuhadae. Juani hata cheche nzuri huonekana hafifu. Zungusha injini kwa kasi pia, kwa sababu magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, hutoa volti kulingana na mwendo wa sumaku mbele ya koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Kabla ya yote, ziba tundu la plagi na usipime penye petroli iliyomwagika: mvuke unaotoka humo hushika moto upesi.

Cheche ikishindwa, anza na swichi ya kuzimia injini. Tenganisha waya zake na upime tena, kwani waya uliochubuka na kugusa fremu hunyonya umeme kimyakimya. Kisha kagua maungio ya waya za magneto na kutu kwenye sumaku. Plagi yenyewe ikiwa nyeusi na mbichi kwa oili, jambo la kawaida kwenye injini hizi zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, umeme huvuja juu ya masizi badala ya kuruka. Isafishe au weka nyingine.

Wapo pia wanaotanua nafasi ya plagi ili cheche iwe ndefu. Nje inapendeza kweli, lakini ndani ya silinda kila sehemu ya milimita iliyoongezwa inadai volti zaidi kutoka kwa magneto ambayo tayari inahangaika. Irudishe kwenye kipimo chake.