"Pampu imekufa," na mengine ninayoambiwa na wenye magari ya dizeli

Hapa Malindi mtu akinunua gari kuukuu la dizeli, wiki ya pili yuko kwangu: "Fundi, asubuhi haliwaki, nimeambiwa pampu imekufa." Wa karibuni alikuwa mwalimu kutoka Mambrui, ana Hilux, pikapu ya Toyota, yenye injini ya dizeli ya aina iitwayo 3L. Alishatajiwa bei ya kutengenezewa pampu Mombasa, na alishaanza kuomba mkopo kwenye chama chake. Pampu yake ilikuwa nzima.

Pampu ninayoisema ni ile inayosukuma dizeli hadi kwenye nozo, vile vinyunyizio vya dizeli vya injini. Iliyochakaa mara nyingi husumbua injini ikiwa moto. Umetoka Kilifi, umesimama dakika kumi sokoni, ukipiga stata inazunguka bure, maana dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja humo humo ndani ya pampu badala ya kufika kwenye nozo. Gari linalowaka vizuri mchana kutwa, likalala ndipo likakataa, lishuku hewa kwanza. Tangi liko chini, pampu iko juu, na kwenye injini hizi za zamani pampu yenyewe ndiyo inayovuta dizeli. Pakiwa na mwanya popote njiani, usiku dizeli hurudi tangini na hewa ikashika nafasi yake. Na tafadhali usinijibu kwamba hakuna tone chini ya gari. Njia ile inavuta, haisukumi. Mwanya wake unaweza kuingiza hewa siku zote bila kudondosha chochote.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ikiwa laini, ukabonyeza weee mpaka ikakaza, kisha injini ikawaka papo hapo, jibu umelipata. Halafu chomoa mpira unaotoka filta kwenda kwenye pampu, weka paipu ya plastiki inayoonyesha ndani. Ya mwalimu tuliitazama sote wawili: vipovu vidogo vinapita mfululizo, kama soda. Nikaleta dumu la dizeli safi, nikavuta kutoka humo moja kwa moja hadi kwenye filta. Vipovu vikakoma. Basi filta haina neno, pampu haina neno, kosa liko nyuma. Tukalala chini ya gari. Lilikuwa limefanya kazi miaka kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni, na paipu ya chuma, pale inapobanwa na kishikizo karibu na ekseli ya nyuma, ilikuwa imeliwa na kutu. Nilipoigusa kwa ukucha, ukucha ukaingia. Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira wa dizeli na klipu mbili. Kesho yake alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaisikia injini kabla ya salamu.

Ukikosa mwanya kwenye paipu, tazama mipira midogo ya marudio juu ya nozo, inayorudisha dizeli iliyozidi, hupasuka kwa uzee. Fungua ufunguo usikilize "tak" kwenye pampu. Isiposikika, fuata waya wa soleinodi, kile kifaa cha umeme kinachoifungulia pampu dizeli. Haya yote hufanywa kabla ya spana kugusa pampu, kwa sababu pampu ikifunguliwa na asiye na vifaa vya kuipima, hapo ndipo inapoharibika kweli, na nimeziona nyingi mno.

Wengine husema Pwani ni joto, hita plagi, zile zinazopasha chemba moto kabla ya kuwasha, za nini? Injini kama 2L na 3L hubana hewa zaidi ya mara 20 ili ipate joto la kuwasha dizeli, lakini chuma cha chemba kikiwa baridi hulinyonya joto hilo, hata Malindi. Plagi moja ikifa kati ya nne, utaona mtetemo na moshi mweupe asubuhi.

Kwa sababu hiyo hiyo ya joto, thamostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupoza injini, hung'olewa. Kwenye injini nyingi ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemka mlimani. Irudishe, utie kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yanakula hedi.

Wapo wasemao mafuta ya taa husafisha pampu. Hayasafishi. Pampu hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli ulizidi hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, na bado wapo wanaowashauri wateja wangu wachanganye kwa hiari yao.

Na taa ya dashibodi ya belti ya taimingi, ile belti inayopatanisha valvu na pistoni, kutowaka hakumaanishi belti ni mpya. Kwenye Toyota hizi huwaka kila kilomita 100,000, na aliyekuuzia anaweza kuwa aliizima akaiacha belti ile ile. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni. Kama huna risiti ya belti mkononi, ibadilishe kabla hujaanza safari ya Lamu.