Muhula wa Washington: tafuta krediti kabla ya ofisi

Mwanafunzi wa chuo cha Marekani anayetaka kuhamia Washington, D.C., kwa muhula mmoja, asome huku akifanya kazi serikalini, huwa na swali moja mdomoni: nitaingia ofisi ya nani? Kazi yangu ni kuwapangia wanafunzi mihula ya namna hii, na jibu langu halibadiliki. Anza kwa msajili wa chuo chako. Ofisi ya serikali inaweza kukukubali, ikakupa meza na kitambulisho, nawe ukarudi umepungukiwa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa ili uhitimu, kwa sababu hakuna aliyetia saini kabla hujaondoka.

Mpango wenyewe si mgeni. American University ilianzisha muhula wake wa Washington mwaka 1947, na shirika la The Washington Center limekuwa likipokea wanafunzi wa vyuo mbalimbali tangu 1975. University of California ina jengo lake kwenye barabara ya Rhode Island, wanafunzi wakisoma na kulala humo humo. Sura ni ile ile karibu kila mahali: siku tatu au nne za uanagenzi, yaani mafunzo kwa vitendo ofisini, kisha siku moja au jioni mbili za darasa, na insha ndefu ya utafiti.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hukwama. Kanuni ya serikali kuu huipima krediti moja kwa saa 1 darasani na saa 2 za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15. Hizo ni saa 45. Uanagenzi wa krediti 8 kwa kipimo hicho unadai saa 360. Muhula una wiki 15, lakini ondoa wiki ya kwanza ya maelekezo na ya mwisho ya mitihani, zinabaki 13. Ukifanya kazi siku nne za saa 8, unapata saa 416. Ukifanya siku tatu, unapata 312, na hapo umeshapungukiwa kabla hujaugua hata siku moja. Vyuo vingine vina kipimo chao, kwa hiyo omba idadi ya saa kwa maandishi, wala usikubali kuambiwa tu kwamba "itatosha".

Sikukuu nazo zinakula saa. Muhula wa vuli una Labor Day Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Columbus Day Jumatatu ya pili ya Oktoba, Veterans Day tarehe 11 Novemba, na Thanksgiving Alhamisi ya nne ya Novemba. Mbili kati ya hizo huangukia Jumatatu daima. Ndiyo maana napenda siku ya darasa iwe Jumatatu na kazi iwe Jumanne hadi Ijumaa. Kwa anayekwenda Bunge la Congress kuna sababu nyingine: wabunge kwa kawaida hurejea kutoka majimboni Jumatatu jioni au Jumanne na kuondoka Alhamisi au Ijumaa. Kura na vikao vya kamati vya kusikiliza mashahidi hurundikana katikati ya wiki. Ukijifungia darasani Jumatano, umeikosa siku iliyokupeleka kule.

Kwa chuo chako cha nyumbani unahitaji mambo matatu yaliyosainiwa. La kwanza ni idhini ya idara kwamba kila kozi itahesabiwa kama nini: ya fani kuu, ya hiari, au krediti tupu isiyosogeza chochote. La pili ni kibali cha msajili cha kusoma nje ya kampasi, ili usihesabiwe umeacha masomo. La tatu ni mkataba wa ushirikiano kati ya chuo chako na chuo kinachokupokea, kwa ajili ya fedha. Ruzuku ya Pell (msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji) na mikopo ya serikali kuu hulipwa na chuo kimoja tu kwa kipindi kimoja, na bila mkataba huo hakuna chuo kinachojua ni chake kulipa. Ukishuka chini ya krediti 12 si mwanafunzi wa wakati wote tena, na misaada mingi hupungua au hukatika. Ufadhili wa chuo chenyewe ni suala tofauti. Vyuo kadhaa haviuruhusu utoke nje ya kampasi. Uliza hilo mapema, kwa sababu pengo hilo huwa kubwa kuliko nauli na chakula vikijumlishwa.

Baada ya hapo, ofisi.

Uchaguzi wa kweli ni kati ya Bunge na wizara. Ofisi ya mbunge huamua haraka, mara nyingine ndani ya wiki chache, na haingoji upekuzi mrefu, yaani uchunguzi wa historia yako. Kazi yake ni simu za wananchi, kupanga barua na kuziingiza kwenye mfumo, kuwatembeza wageni wa jimbo ndani ya Capitol, jengo la Bunge, kuhudhuria vikao na kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa afisa wa sera. Wapo wanaodharau simu. Mimi naziona kuwa shule bora iliyopo mjini: baada ya wiki mbili unajua watu wa jimbo zima wanaumizwa na nini, na unajua kabla ya magazeti. Wizara na wakala huchukua muda zaidi kukupokea, lakini hukupa mradi mmoja wa kina. Ukiwa unataka kujifunza namna kanuni inavyoandikwa, nenda wizarani. Ukitaka kuona jinsi sheria inavyojadiliwa na kukwama, nenda Bungeni.

Malipo yamebadilika katika miaka ya karibuni. Mwaka 2018 Congress ilitenga fedha maalumu za wanagenzi, na kila ofisi ya Baraza la Wawakilishi ikaanza na dola 20,000 kwa mwaka. Ikulu ya Marekani ilianza kuwalipa wanagenzi wake msimu wa vuli 2022. Hata hivyo dola 20,000 zikigawanywa kwa misimu mitatu na watu kadhaa, huwa posho. Usizifanye msingi wa kodi ya nyumba.

Kazi ya bure serikalini ina sheria yake, na ni vizuri kuielewa kwa sababu ndiyo inayoufunga muhula wako kwenye krediti. Tangu 1884 sheria inaizuia serikali kuu kupokea huduma za kujitolea, ila kwa ruhusa maalumu. Mwanafunzi anaruhusiwa kama amesajiliwa angalau kwa nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo, chuo chake kimeridhia, na hachukui nafasi ya mtumishi. Kwa hiyo barua ya chuo ni sharti la kisheria. Wakala ukiiomba nawe ukachelewa wiki tatu, tarehe ya kuanza nayo inasogea wiki tatu, na zile saa 416 zinapungua kila siku.

Upekuzi ndio unaochukua muda mrefu kuliko yote. Kazi ya kawaida hutumia fomu SF-85, inayouliza makazi na ajira za miaka 5. Kazi inayogusa siri hutumia SF-86, nayo hurudi nyuma miaka 10 kwa makazi, ajira na shule, kisha huuliza ndugu walio nje ya Marekani, watu wa nje unaowasiliana nao kwa karibu, na safari. Mwenye shangazi, wajomba na binamu katika nchi nyingine aanze kukusanya majina kamili, tarehe na anwani kabla fomu haijafika. Kuwa na ndugu nje si kosa na hakukuondoi moja kwa moja. Kinachomwangusha mtu ni kuficha au kuacha mapengo. Tarehe za kuhama nyumba zisiachiane hata mwezi. Tahadhari nyingine ni bangi. Katika mji wa Washington kumiliki kiasi kidogo si kosa tangu 2015, lakini kwa sheria ya serikali kuu bado ni marufuku, na fomu inauliza kwa sheria ya serikali kuu. Jibu kwa ukweli, na usianze leo.

Wanaume wa miaka 18 hadi 25 wenye uraia au ukaazi wa kudumu wanatakiwa wawe wamejisajili Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, la sivyo ajira ya wizarani inawafungia mlango. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, aliye katika hadhi yake halali hahusiki na usajili huo.

Kwa wenye F-1 nizungumze wazi. Amri ya rais ya 1976 ilizifungia ajira nyingi za kudumu za serikali kuu kwa wasio raia, na sheria za bajeti huweka masharti ya uraia kwenye mishahara. Wizara nyingi hazitakuchukua. Milango iliyobaki ni baadhi ya ofisi za Congress zinazopokea wanagenzi wasiolipwa, taasisi za utafiti wa sera, mashirika ya kimataifa na asasi zinazofuatilia serikali kwa karibu. Mafunzo ya vitendo ya kimasomo, CPT kwa kifupi, yanadai uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo, kazi iwe sehemu halisi ya mtaala, na idhini iandikwe kwenye I-20 yako, ile fomu ya chuo inayothibitisha hadhi yako ya mwanafunzi, kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Si siku hiyo hiyo, kabla. Saa 20 kwa wiki au pungufu huhesabiwa kuwa CPT ya sehemu ya muda. Zaidi ya hapo ni ya wakati wote, na ukitimiza miezi 12 ya CPT ya wakati wote unapoteza haki ya OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako ambayo wengi huitumia baada ya kuhitimu, kwa ngazi hiyo ya masomo. Muhula mmoja haufiki huko, ila ujumlishe na majira ya joto uliyokwisha kuyatumia.

Jambo linaloharibu mihula ya vuli kuliko jingine lolote ni kufungwa kwa shughuli za serikali. Mwaka wa fedha huanza Oktoba 1. Bajeti isipopitishwa, wizara hufungwa katikati ya muhula wako. Mwaka 2013 zilifungwa siku 16, majira ya baridi ya 2018 hadi 2019 siku 35, na vuli ya 2025 siku 43. Huruhusiwi kwenda "kusaidia tu", kwa sababu ya sheria ile ile ya kujitolea. Siku 43 ni kama wiki sita kati ya 13, na kwa ratiba ya siku nne zinaweza kuondoa karibu saa 190. Ndiyo maana nasisitiza kifungu kwenye mkataba wa mafunzo, kilichosainiwa Agosti, kinachosema nini kitahesabiwa badala yake: insha ya ziada, utafiti chini ya mwalimu, au kazi ya muda kwenye asasi isiyotegemea bajeti ya serikali. Ukingoja Oktoba kukiomba, unakiomba pamoja na kila mtu.

Kwa Bunge angalia pia kalenda ya uchaguzi. Katika miaka ya namba shufwa, Oktoba wabunge wako majimboni wakiomba kura na vikao ni vichache sana. Mbunge akishindwa Novemba, ofisi yake huanza kufungasha, na Desemba wafanyakazi wake huhamishwa kwenye meza za pamoja. Kama unapenda mijadala, chukua muhula wa Januari.

Insha ya utafiti ianze wiki ya pili, si ya kumi. Barua na mafaili ya wananchi ni siri, na rasimu za ndani za wizara si zako kunukuu. Tumia kilicho hadharani: kumbukumbu za vikao vya kamati, Federal Register (gazeti rasmi la serikali kuu), ripoti za GAO (ofisi ya Bunge ya ukaguzi), na ripoti za Congressional Research Service, kitengo cha utafiti cha Bunge, ambazo tangu 2018 ziko wazi kwa umma. Kazi ya ofisini ikupe swali. Majibu yatoke kwenye nyaraka hizo. Chukua pia kadi ya msomaji ya Library of Congress, inayotolewa kwa yeyote mwenye umri wa miaka 16 au zaidi.

Nyumba: kama mpango una mabweni, yachukue. Mikataba ya mjini mara nyingi ni ya miezi 12, nawe unahitaji minne.

Jaza karatasi ya saa kila Ijumaa na imfikie msimamizi siku hiyo hiyo, kwa sababu wafanyakazi wa Capitol Hill, eneo la Bunge, huhama kazi bila taarifa ndefu na mrithi wake hawezi kuthibitisha asichokiona. Wiki mbili kabla ya kuondoka, omba barua yenye nembo ya ofisi, tarehe ya kuanza na kumaliza, jumla ya saa na majukumu. Itumwe moja kwa moja kwa msajili, nakala kwako. Kisha rudisha kitambulisho na kompyuta, na udai stakabadhi ya kila kimoja.