Mpe kumi tu: dhana potofu kuhusu simu mbele ya kaunta

Nilikaa kaunta ya duka la dada yangu, Tabata, karibu miaka miwili. Ni duka la nondo kama mengi ya mtaani: mteja huku, bidhaa kule, katikati kidirisha cha kupitishia mkono. Jioni moja, saa ile watu wametoka kazini, akaja mama mmoja simu ameibana kati ya sikio na bega. Akanyoosha kidole kwenye trei ya mayai. "Mpe kumi tu," akasema. Nikahesabu mayai kumi, nikafunga. Kumbe kumi ni elfu kumi, wa kupewa ni fundi bomba aliyekuwa nyumbani kwake, na anayeambiwa ni mwanawe. Yeye shida yake ilikuwa mayai matatu. Watu wanne nyuma yake wananitazama mimi, kana kwamba mwenye kosa ni mimi.

Tangu hapo kila nikizungumza na watu habari za simu dukani, nasikia hoja zilezile. Nyingi hazisimami.

"Mteja ni mfalme. Hela yake, simu yake."

Julai 2013, huko Crayford, kusini mashariki mwa London, mhudumu wa supamaketi ya Sainsbury's alikataa kumpigia hesabu mteja mpaka amalize kuongea na simu. Mteja akalalamika, kampuni ikamwomba radhi. Ungedhani mambo yaliishia hapo na mfalme ameshinda, lakini habari ilipotoka magazetini wengi walimtetea mhudumu.

Tena supamaketi ni afadhali. Pale mteja ameshaokota vitu vyake, kilichobaki ni kulipa, kwa hiyo ugomvi ni wa adabu tu. Duka la nondo mteja haokoti chochote. Kila kitu kinapita mdomoni: sukari robo au nusu, mafuta ya kupima ya shilingi ngapi, sabuni kipande au mche mzima. Ukija unaongea na simu hujaninyima salamu peke yake, umeninyima maelekezo ya kazi. Na kidole hakisaidii. Kutoka nje ya nondo, kidole kinachoonyesha sukari kinaonyesha pia chumvi na unga wa ngano.

"Mimi naweza yote mawili kwa pamoja."

Mwanasaikolojia Ira Hyman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Washington, Marekani, walimpitisha mchekeshaji wa sarakasi katikati ya uwanja wa chuo, amevaa mavazi yake yote, anaendesha baiskeli ya gurudumu moja. Wapita njia wakaulizwa kama wamemwona. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, waliokuwa wakiongea na simu ni robo tu waliosema ndiyo. Waliokuwa wakitembea peke yao bila simu, kama nusu. Waliotembea wawili wawili wakipiga soga ndio waliomwona kuliko wote, kwa hiyo tatizo si kuongea.

Mtu asiyemwona mchekeshaji juu ya gurudumu moja atakumbuka vipi kama amenipa noti ya elfu tano au ya elfu kumi? Ugomvi wa chenji niliokutana nao ulikuwa karibu kila mara na mtu aliyelipa huku anaongea. Dada alinifundisha dawa yake: noti ya mteja haiingii kwenye droo mpaka chenji imepokelewa na imehesabiwa. Inakaa juu ya kaunta, wote tunaiona.

"Nikiongea taratibu simsumbui mtu."

Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili. Akili haikubali kuachwa nusu, inahangaika kukisia yule wa pili amesema nini. Anayenong'ona "Eeh... hapana bwana... kwani yeye alilala wapi?" ameshaiteka foleni nzima. Kuweka spika ili wote tusikie nako si suluhisho, ingawa nakiri zipo siku foleni ilisahau hasira kwa utamu wa kesi.

"Simu ya mkubwa haikatwi."

Hii ina asili yake na siidharau. Zamani dakika ya simu ilikuwa ghali, wengine tukiishia kubipu tu. Mtu akikupigia kweli salio linakatika upande wake, kumwambia asubiri ni kumchomea vocha. Na kama ni mkwe, ndiyo kabisa. Siku hizi wengi tuna vifurushi vya dakika ambazo mara nyingine zinaisha muda hazijatumika. "Shikamoo baba, niko dukani, nakupigia sasa hivi." Maneno saba, na sijawahi kusikia mzee aliyekasirika kwa kusalimiwa. Kama ni jambo la hospitali au msiba, toka pembeni, mpishe wa nyuma yako.

"Nikishaonyesha meseji, nimelipa."

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania mwaka uliofuata, na bado mteja anageuza kioo cha simu yake, ananionyesha meseji, anachukua mzigo. Meseji iliyo kwenye simu yako ni yako. Inaweza kuwa ya jana, inaweza kuwa imeandikwa na mtu. Malipo ni pale yanaponifikia mimi. Muuzaji akisema "subiri kidogo iingie" hajakuita mwizi. Mtandao ukisumbua tutasubiri wote.

Kwa wakala wa kutoa na kuweka pesa, jambo hili ni zito zaidi. Wapo wazee wanaonyoosha simu na kutaja namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia, wakiona ndiyo heshima ya kumwamini kijana. Namba ile hatakiwi kuijua wakala wala mjukuu. Akishindwa kubonyeza, aelekezwe kitufe kwa kitufe na namba aingize mwenyewe.

Kisha kuna yule anayefika huku bado anaelekezwa simuni. Tapeli hapendi ukate simu, maana ukikata utapumua, ukipumua utafikiri. Aliwahi kuja binti mmoja, jasho linamtoka, anataka kuweka laki mbili kwenye namba anayotajiwa tarakimu moja moja. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kata kwanza." Akanikazia macho: ni simu yake, nisimwingilie. Nikasema mtandao uko chini. Ulikuwa juu, Mungu anisamehe. Akakata kwa hasira, akampigia kaka yake aliyedaiwa kukamatwa na polisi. Kaka alikuwa anakula chakula cha mchana. Kwa hiyo na ile kanuni kwamba muuzaji asiguse simu ya mteja mimi naipokea nusu.

"Simu kituo cha mafuta italipua."

Petroleum Equipment Institute ya Marekani ilichunguza mioto ya vituoni, haikupata hata mmoja uliothibitika kuwashwa na simu. Mkosaji aliyeonekana mara nyingi ni umeme tuli, hasa mtu anapoingia tena kwenye gari mafuta yakiendelea kujaa, kisha akarudi kushika bomba. Hata hivyo bango likikataza, tii. Kinachochekesha ni kwamba mita chache tu kutoka kwenye bango kumebandikwa Lipa Namba. Hasara niliyoiona mimi ni nyingine: mhudumu anasema "bosi, angalia sifuri", bosi yuko hewani, anapunga mkono. Akikata simu pampu imeshasimama, na hajui ilianzia wapi.

"Wenye makosa ni wateja."

Hapa nijisute. Duka likitulia, muuzaji naye ana simu, tena ana kifurushi. Jumapili moja ya mechi niliegemeza yangu kwenye kopo la kahawa, spika ya masikioni upande mmoja. Mtoto wa jirani akaja. "Naomba chumvi." Nikasema "subiri." Akarudia. Mara ya tatu nikamwinulia kidole, macho kwenye mpira. Nilipogeuka alikuwa ameshavuka barabara, anapokea pakiti yake kwenye duka la pili, na yule mzee wa kule ananipungia mkono huku anacheka.

Dada aliposikia hakusema kitu. Siku iliyofuata nilikuta ametenga droo ya pili, ile ya sarafu, na ameninyooshea kiganja.